Mwaka Nilipovipanga Vidumu

Fahmi Jicho alizikwa Ijumaa, na mimi sikutoa chozi hata moja. Nilikaa kwenye mkeka wa matangani, leso nimejitanda mpaka kwenye nyusi, nikawasikiliza wanawake wa mtaa wetu wakimsifu marehemu: ati alikuwa mpole, ati alikuwa mtu wa watu, ati jicho lake lilitoka kwa ajili ya diko na bado akasamehe. Akasamehe! Nilikaribia kucheka matangani, Mungu anisamehe. Fahmi niliyemjua mimi alimpiga mtu kwa kafi la mashua mpaka kafi likakatika, kisha akatafuta jingine. Wakanitazama pembeni, wakanong'onezana kuwa Bi Zuhura moyo wake ni jiwe. Wacha waseme. Wasichokijua ni kwamba jicho lile nililitoa mimi. Mti uliomchoma haukuwa mkononi mwangu, lakini nililitoa mimi, na jambo hilo nilikuwa nimelimeza kwa miaka thelathini na tano bila ya kumwambia mtu, si mume wangu alipokuwa hai, si wanangu. Siku ya nne ya msiba akanijia mzee mmoja wa bara, jina lake Mutua, akipanda ngazi za nyumba yangu kwa mkongojo, akitaka kwangu neno moja tu. Nitamrudia. Kwanza nieleze mwaka wenyewe.

Vijana wa leo wakiliona diko letu, na nguzo zake za saruji na boti zake za mashine, wanadhani lilikuwa hivyo tangu dunia kuumbwa. Diko ni mahali pa kutia vyombo, na letu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, lilikuwa dogo la kutia huruma: ngazi moja ya mawe iliyobanwa baina ya kuta mbili, hakiingii chombo zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Maji yakipwa huna diko, una tope na mawe yenye chaza wa kukupasua nyayo. Mpaka maji yajae yaguse kidato cha tatu cha ngazi ndipo chombo kiweze kuja ubavuni, na hapo una saa mbili, tatu ukijaaliwa. Ndani ya saa hizo wavuvi walitaka kuteremsha samaki, na watu wa mashua za matembezi walitaka kupakia watalii wao. Mkubwa wa wavuvi alikuwa Bakari, mtu mfupi, shingo kama gogo, akicheka huku amekunja ngumi. Mkubwa wa matembezi alikuwa Fahmi, mrefu, mtanashati, kofia yake haina hata doa. Walizaliwa mtaa mmoja, wakasoma chuo kimoja, na hawakuwahi kupitisha wiki bila ya kutukanana.

Sasa zamu ilijulikanaje? Kwa vidumu. Kila chombo kilikuwa na kidumu cha plastiki kilichokatwa mdomo, cha kutolea maji yanayoingia ndani, na kila mtu alikipaka chake rangi yake. Ukifika ukatia nanga nje kungoja maji, mtu wako mmoja huogelea mpaka ngazini na kidumu mkononi, akakiweka juu ya ukuta mdogo nyuma ya vile vilivyotangulia. Basi, kalale. Kidumu chako kimekaa badala yako. Sheria ile hakuna aliyeiandika, na hakuna aliyeivunja. Watu waliokuwa tayari kutoana matumbo kwa tusi moja hawakuthubutu kusogeza kidumu cha mwenzao hata upana wa kidole.

Mimi walinifanya katibu wa kamati ya diko kwa sababu moja tu, kwamba sikuwa na chombo. Wavuvi hawakumtaka katibu wa matembezi, na matembezi hawakumtaka katibu mvuvi. Mwenyekiti, mtu mwoga aliyependa halua kuliko haki, akasema, "Mtieni Zuhura. Yuwajua kuandika, na hana upande." Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shule nimemaliza, ulimi wembe. Siku ya kwanza mvuvi mmoja akanambia niende zangu nikapike. Nikauchukua ubao wangu wa kuandikia zamu nikamvunjia mgongoni, ukapasuka vipande viwili. Walicheka mpaka wakakaa chini, na yeye akacheka huku akijipapasa, na tangu hapo wakaniita Dada Katibu. Heshima ya pale ilipatikana kwa kupiga, na mimi niliipenda ile heshima, sitadanganya. Kesho yake nikatengeneza ubao mwingine mkubwa zaidi.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma katika bohari ya zamani, kuta zimeliwa na chumvi, zikinuka papa mkavu. Upande mmoja lilikuwapo sanduku kubwa la barafu, na mwenye kulichunga alikuwa Mutua. Alikuwa Mkamba, Mkristo, mtu wa umri wangu, aliyeteremka pwani kutafuta kazi kwenye bandari kubwa akaikosa, akaangukia kwetu. Alivunja barafu kwa nyundo, alifagia ngazi, na alikuwa mtu pekee pale diko ambaye sikuwahi kumsikia akitukana. Saa nne asubuhi tulikula pamoja, mahamri na mbaazi za nazi za mama mmoja wa kichochoroni. Mutua alikuwa akilichovya hamri mpaka linalowa linamwangukia bakulini, kisha analisaka kwa vidole, mimi nikimcheka. Alinihadithia habari za mkewe, Mwende, waliyepanga naye chumba kule Tononoka. Mwende alikuwa na mimba ya kwanza, na kila siku analilia maembe mabichi ya chumvi na pilipili. "Dada Zuhura," aliniambia, "mtoto akizaliwa nitamleta hapa mumfundishe kuogelea. Mimi mwenyewe nikiingia maji nazama kama jiwe." Nikamwambia amlete, ila asimpe Bakari, maana Bakari atamfundisha kupigana kwanza.

Mwaka ule damu ilianza mapema. Mashua za matembezi ziliongezeka, saa za maji hazikuongezeka, na kila mtu akaona anadhulumiwa. Mvuvi mmoja alikatwa sikio kwa kisu cha kupalia samaki magamba, kikaning'inia kipande, akakishika kwa mkono mpaka hospitali akitukana njia nzima. Wiki ya pili yake kamba ya nanga ya mashua ya matembezi ikakatwa, chombo kikaenda kujiponda mwambani, na mwenyewe akakaa juu ya mawe akilia kama aliyefiwa. Mtu mmoja alimwagiwa na mwenziwe mafuta ya moto ya kukaangia samaki. Yote hayo niliyaandika katika kitabu cha kamati kwa mwandiko wangu mzuri wa kulala, fulani kampiga fulani, kwa kitu gani, wapi. Ukikisoma kitabu kile utadhani ni cha hospitali. Na bado, katikati ya vurumai hiyo, ukuta wa vidumu ulibaki salama, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa amekufa.

Siku yenyewe ilikuwa ya maji mafu, zile siku za mwezi ambazo bahari haijai sana, na ukipata saa moja ya kidato cha tatu ushukuru. Mwenyekiti akaingia bohari anahema, ametota jasho. Kuna mkubwa wa serikali anakuja kulitazama diko, huenda tukajengewa ngazi ya pili. "Zuhura, mwanangu, pasafishwe. Pale ukutani mbona pana takataka?" Kisha huyo, akaenda zake kutafuta kanzu safi. Mutua alikuwa ameshafagia ngazi tangu asubuhi na ameondoka na mkokoteni kwenda kuchukua barafu. Nikatoka nikatazama ukutani. Vidumu tisa, vimeota ukoga, vimeganda damu ya samaki, nzi wamevifunika. Nikaona haya. Ngazi ya pili, niliwaza, ingemaliza ugomvi wote huu, na sisi tunaikosa kwa ajili ya uchafu. Nikavikusanya vyote ndani ya karai, nikaenda nao bombani, nikavisugua kwa mchanga na sabuni mpaka rangi zikang'aa.

Wakati wa kuvirudisha ndipo nikasimama. Kipi kilikuwa cha kwanza? Sikuwa nimetazama. Mtu mwingine yeyote pale diko, hata yule aliyekatwa sikio, angevihesabu kabla ya kuvigusa. Ila mtu mwingine yeyote asingevigusa. Mimi msomi nikasema, ah, kwani ubao ni wa nini? Kwenye ubao wangu nilikuwa nimeandika zamu ya siku ile kufuatana na watu walivyonambia jana yake, na wa kwanza alikuwa Fahmi. Ubao ulikuwa wa nia, vidumu vilikuwa vya ukweli, na hilo nililijua. Lakini nilikuwa na haraka, na ndani ya roho yangu nilishaanza kuamini kwamba jambo likiandikwa na mimi limekuwa. Nikavipanga kwa ubao, cha kijani cha Fahmi mbele, chekundu cha Bakari cha tano. Wanaume walikuwa wamelala vyomboni au wako kwenye kahawa. Hakuna aliyeniona. Na yule mkubwa hakuja. Wallahi hakuja, wala hakutuma salamu.

Bakari alikuwa amefika alfajiri, wa kwanza, na nguru na kolekole wa siku mbili, barafu imemwishia njiani. Alijua zamu ni yake, akalala. Maji yalipogusa kidato cha tatu, Fahmi akatazama ukutani akaona cha kijani kiko mbele. Sidhani kama alishangaa sana. Mtu akiona bahati yake haulizi imetoka wapi. Akaileta mashua ngazini, watalii wake wakaanza kuteremka, wameshika kofia zao. Bakari akaamka kwa kelele zao.

"Fahmi! Nani kakisogeza kidumu changu?"

"Kidumu chako kina nini mtu akisogeze, dhahabu?"

"Mimi nimefika alfajiri, we mwana haramu!"

"Alfajiri ya kwenu. Tazama ukuta, kama macho unayo."

Bakari alikuwa amesimama juu ya chombo chake, upondo mkononi, ule mti mrefu wa kusukumia chombo penye maji haba. Sijui kama alikusudia kusukuma mashua au kusukuma mtu. Ncha ilimwingia Fahmi usoni. Fahmi hakuanguka. Aliushika ule mti kwa mikono miwili akauvuta utoke, na vilivyotoka pamoja nao sivielezi, nimeviota vya kutosha. Kisha akaruka, hivyo hivyo, damu inamtiririka kifuani, akamwangukia Bakari, na watu wa pande zote mbili wakaja juu yao na makafi, na kulabu, na visu vya kupalia. Mtalii mmoja wa kike akatumbukia majini akivutwa na mkoba wake. Mtu akapigwa kichwa kwenye ukuta mdogo, mara moja, mara mbili, mara tatu, vidumu vikaruka vikaelea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa bohari na karai tupu, mikono bado ina povu la sabuni. Nikaificha nyuma.

Wiki tano zilizofuata zilikuwa za shetani. Nyavu za Bakari zikachomwa moto. Mashua mbili za matembezi zikatobolewa kwa shoka. Mvuvi mmoja akakutwa amevunjwa vidole vya mkono mmoja, kimoja kimoja, akakataa kusema ni nani, kwa sababu alitaka kulipiza mwenyewe, na akalipiza. Polisi walikuja wakauliza, kila mtu akajibu hakuona. Diko likafungwa lenyewe, hakuna aliyethubutu kutia chombo, na wanawake wanaokaanga samaki wakakaa barazani na makarai makavu. Usiku sikulala na mchana sikula. Kila nikiamka nilijiambia leo nitasema, na kila nikiona mtu mwenye bandeji ulimi unanikauka. Nilikuwa nikijidai siogopi mwanamume, na kumbe nilikuwa siwaogopi kwa vile hawakuwa na sababu ya kuniua.

Hatimaye wakachoka, ikaitishwa kamati. Waliingia bohari na mishono yao, thelathini na kitu, wakakaa pande mbili. Fahmi alikuwa amefungwa kitambaa cheupe, uso umevimba upande. Swali lilikuwa moja: nani aliyevigusa vidumu? Upande huu ukashika msahafu ukaapa. Upande ule ukashika ukaapa. Wote walikuwa wakweli, na kwa kuwa wote walikuwa wakweli kila mmoja akamwona mwenziwe ameapa uongo mbele ya Mungu, na mikono ikaanza tena kwenda viunoni kwenye visu. Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, wewe siku ile ulikuwapo. Ulimwona nani pale ukutani?"

Macho yote yakanijia. Nikayaona makafi yaliyoegemezwa ukutani, moja bado lina doa jeusi. Nikasema, "Asubuhi nilimwona Mutua akifagia." Hayo tu. Sikusema kavigusa. Nilimwona, na alikuwa akifagia, na nilipolisema nikajua nimelisema kwa makusudi. Chumba kikapumua. Mtu mmoja nyuma akasema, "Lahaula, kumbe ni yule wa bara," na visu vikaachwa.

Wakala pilau ya suluhu pale pale bohari, sinia kwa sinia. Mutua hakuwamo kamatini, hakujua lolote. Alikuwa uani amepewa birika na beseni, akiwanawisha mikono mmoja mmoja, akiwaambia karibu, karibu, na wao wakimtazama bila ya kumjibu. Mimi nilikuwa nikipeleka kachumbari. Fahmi na Bakari walikuwa wametengwa katika ofisi yangu wale sinia moja wawili, ili kila mtu ajue wamepatana. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti zao, nikasimama.

"Wewe waamini ni yule wa barafu?" Alikuwa Bakari.

"Siamini. Yule hawezi kusogeza hata nzi."

"Basi?"

"Basi nini? Akiwa si yeye, ni wewe. Na akiwa ni wewe, itanibidi nikuue, Bakari. Wataka nikuue?"

Nilimsikia Bakari akitafuna. "Mimi nimechoka, Fahmi."

"Hata mimi. Chukua hii nyama, laini."

Nilisimama na bakuli langu. Mlango ule ulikuwa wa mbao mbovu, ungefunguka kwa goti. Neno moja tu lilikuwa linahitajika, na bei yake Fahmi alikuwa ameshaitaja: kuuawa. Nikageuka nikarudi uani, nikamwambia Mutua, "Leo nenda nyumbani mapema." Akatabasamu, mikono ina mafuta ya watu. "Nani ataangalia barafu, Dada? Itayeyuka." Nikamwambia tena, nenda, kwa ukali, kama nilivyokuwa nikimwambia kila siku aondoke mlangoni mwangu. Akacheka akadhani natania. Hiyo ndiyo juhudi yangu yote niliyofanya kumwokoa, na miaka mingi nilijiliwaza nayo.

Walimwita ngazini baada ya sala ya alasiri, maji yamepwa, tope linanuka. Mwaka mzima sikuwahi kuwaona wavuvi na matembezi wamesimama bega kwa bega, siku ile walisimama. Bakari alimshika ukosi. Fahmi akapewa kafi apige wa kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye jicho. "Mimi nimefanya nini?" Mutua aliuliza. "Niambieni basi nimefanya nini!" Mtu akamwambia aulize vidumu. Pigo la kwanza lilimpata bega, la pili mbavu. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na sasa kila mtu alikuwa na lake. Watu niliowaandikia barua za wake zao, watu waliokula mahamri yetu, walikuwa wakimpiga huku wanahema kama wanaovuta nyavu. Akanitafuta kwa macho akanipata. "Dada Katibu! Waambie! Waambie mimi nilifagia tu!"

Kitabu cha kamati kilikuwa mikononi mwangu. Nikakifungua, nikatoa kalamu, nikajifanya naandika. Kafi la Fahmi likakatika, akapewa jingine, akalileta juu ya mguu, na mguu ukavunjika kwa mlio wa muwa. Sikuinua kichwa. Wakamtupa topeni, wakamwambia akikanyaga tena diko hili watamwua, kisha Bakari na Fahmi wakapeana mikono mbele ya kila mtu. Yeye akatambaa juu ya mawe yale ya chaza mpaka barabarani, na mwenye mkokoteni mmoja, aliyekuwa hana habari na mambo yetu, akampakia akampeleka hospitali. Wiki haikwisha Mwende akafunga vyombo, wakarudi bara. Wenzangu wakawaambia watu wa mtaani kwamba alikuwa akiiba samaki sandukuni. Mwizi akipigwa hakuna anayeuliza, na mimi sikumkanusha mtu.

Basi diko likatulia. Sikwambii kwamba hatukutukanana tena, lakini damu haikumwagika, miaka thelathini na tano. Tuliandika sheria kwamba kidumu hakiguswi ila na mwenyewe, na mimi ndiye niliyeiandika, kwa mwandiko ule ule. Siku hizi wanafunzi wa chuo kule Buxton wanakuja na simu zao kunirekodi, wataka kujua sisi watu wa zamani tulipatanaje, wavuvi na matembezi, ngazi moja, bila ya mahakama. Mimi hunywa maji kidogo, nikawaambia ni subira na mazungumzo. Nimesema hivyo katika semina, nimepewa shahada ya kutundika ukutani. Najua amani ile ilisimama juu ya nini. Kila nikipita pale nikaona watoto wanateremka ngazi na mabegi ya shule, nafurahi kwamba hawaogopi, halafu najichukia kwa kufurahi.

Mutua aliponijia siku ya nne nilimtambua kabla hajafika juu, kwa namna mguu ulivyokuwa ukiburutwa. Salma, mke wa mwanangu, alimletea kahawa na kashata akarudi jikoni. Mutua hakuigusa. Alinipa mkono wa pole kwa msiba, nikamshukuru. Akasema amekuja Mombasa kumtafuta Fahmi akakuta ameshazikwa. "Na Bakari?" Nikamwambia Bakari alitangulia zamani. Akatikisa kichwa. "Basi umebaki wewe, Bi Zuhura. Ni vizuri. Wewe peke yako hukunipiga."

Nilitaka ardhi inimeze. Akanieleza, polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake ndani ya basi. Mtoto yule wa mimba ya maembe alikuwa wa kiume, Kioko, na sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Habari za pwani zilifika kijijini kabla ya mguu kupona. Shuleni walimwita mtoto wa mwizi, akapigana, akafukuzwa, akakua na hilo. Mwende alipokufa, Kioko alimwambia baba yake asisimame karibu na kaburi. Miaka tisa hajamwita baba. "Sasa mimi ni mgonjwa," alisema. "Sitaki kitu. Sitaki hata samahani ya mtu. Nataka umwambie tu ya kwamba sikuiba. Yangu haamini. Wewe ulikuwa katibu, uliandika kwa kitabu."

Akapiga simu, akaifungua sauti, akaiweka mezani baina yetu. Nikasema mimi ni fulani, nilikuwa katibu wa diko, baba yako hakuiba chochote. Alipigwa kwa ajili ya vidumu vya zamu vilivyosogezwa, na vidumu hivyo hakuvigusa. Ningeishia hapo. Mutua alikuwa anatikisa kichwa kwa shukrani, macho yamelowa.

"Mama, hayo ameshanieleza mwenyewe," sauti ya Kioko ikasema, kavu. "Nyinyi wazee mnafunikiana. Kama si yeye, nani?"

"Si yeye, mwanangu."

"Wewe unajuaje?"

Mutua akaniangalia, akingoja.

"Najua kwa sababu nilivigusa mimi," nikasema. "Nilivitoa mimi, nikaviosha, nikavirudisha vibaya. Walipouliza, nikamtaja baba yako. Walipokuwa wakimpiga akaniita nimtetee. Nikajifanya naandika."

Sikumwona akiinua mkono. Kofi lilinijia usoni kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo, miwani ikaruka, mdomo ukajaa ladha ya damu. Akabaki amesimama juu yangu, mkono uko hewani. Salma alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Mama! Huyu amekupiga? Amekupiga, huyu?" Akaja juu yake.

Pale mezani simu ilikuwa ikisema, "Baba? Baba, uko hapo? Baba!"

Mutua akaushusha ule mkono wake, akaitafuta simu kama kipofu, akaibana sikioni kwa mikono yote miwili. "Niko, Kioko," akasema. "Niko hapa."

Nikamshika Salma nguo nikamvuta nyuma.

"Rudi jikoni," nikamwambia. "Mwache azungumze na mwanawe."